Wasomaji Wanauliza: Kusoma Chuoni Bila Kuacha Kazi

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kurudi chuoni huku wana kazi, zamu au watoto. Maneno yanatofautiana, lakini karibu zote zinauliza saa za kusoma zitatoka wapi. Tumezifupisha, majina tumeyaacha.

Nafanya kazi ya ukarani siku sita kwa wiki, natoka saa kumi na moja jioni. Nataka kusoma uhasibu ngazi ya cheti. Fomu ya chuo ina visanduku vinne: jioni, wikendi, masafa na mseto. Nitie alama wapi?
*Karani*

Ndugu Karani, weka fomu pembeni kwanza, tuhesabu saa. Kozi yenye mtaala ulioidhinishwa imepangiwa saa ambazo mwanafunzi wa kawaida atazitumia, na saa hizo hazipungui kwa sababu unasoma usiku. Vyuo huzihesabu kwa krediti. Ipo mifumo ambayo krediti moja ni saa 10 na mwaka kamili ni krediti 120, yaani saa 1,200. Mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS una krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30, kwa hiyo jumla ni saa 1,500 hadi 1,800. Humo mna kila kitu: vipindi, kusoma mwenyewe, mazoezi na mitihani.

Chukua zile 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 30 kwa wiki, mzigo ambao mtu wa siku sita kazini hawezi kuubeba. Zitandaze kwa miaka miwili, zinashuka hadi 15. Sasa tazama ratiba ya jioni: siku tatu, saa tatu kila siku, jumla 9. Zimebaki 6 ambazo hazimo kwenye ratiba ya mtu yeyote isipokuwa yako. Wengi hujikwaa hapo, kwa kuwa walipojiandikisha walihesabu zile 9 tu.

Wikendi tungekushauri uiache. Una siku moja tu ya mapumziko, na vyuo vingi hujaza siku hiyo kwa vipindi vya asubuhi hadi jioni. Isitoshe, uhasibu haupendi kumezwa kwa fungu kubwa mara moja kwa wiki. Kuingiza miamala kwenye leja, kusawazisha urari na kutafuta kosa lililofichika ni mambo yanayokaa kichwani kwa kurudiwa kidogo kidogo. Masafa matupu nayo yana ugumu kwa anayeanza: ukikosea upande wa debiti (wa kushoto wa akaunti) katika wiki ya pili na hakuna wa kukusahihisha, utalibeba kosa hilo hadi kwenye hesabu za mwisho wa mwaka.

Kati ya jioni na mseto, chagua mseto ikiwa tu chuo kitakueleza mseto wake ni upi. Neno hili halina maana moja. Kuna chuo ambacho mseto ni jioni moja darasani na mengine mtandaoni kwa wakati wako. Kwingine ni siku tatu mtandaoni, mubashara, saa ambazo hujatoka kazini. Omba ratiba ya muhula uliopita kama ilivyotumika, si ile ya kwenye kipeperushi. Uliza mitihani hufanyika saa ngapi, maana wapo wanafunzi wa jioni wanaokuja kugundua kwamba mtihani wa mwisho ni saa tatu asubuhi siku ya kazi. Halafu uliza kiwango cha chini cha mahudhurio, na kama kipindi cha mtandaoni kinahesabiwa ndani yake.

Nimefunga umeme majumbani miaka kumi na moja, cheti sina. Nasikia ujuzi unaweza kutambuliwa nikaruka baadhi ya masomo. Jamaa yangu alijaribu akakataliwa ingawa ni fundi hodari. Kwa nini?
*Fundi*

Inawezekana, Fundi, ila miaka peke yake haikupi kitu. Mtathmini anataka kujua leo unaweza kufanya nini kati ya yale yaliyoandikwa kwenye mtaala, na ushahidi uko wapi.

Anza kwa kuomba mtaala wa kozi yenyewe, ule unaoorodhesha umahiri wa kila moduli, yaani kila sehemu ya kozi. Kaa nao na kalamu. Kila mstari uwekee alama: hili nalifanya na nina ushahidi, hili nalifanya ila sina ushahidi, hili silijui. Fungu la kwanza unalipeleka kwenye tathmini. La pili unalitafutia ushahidi kwenye kazi utakazofanya miezi michache ijayo. La tatu utalisoma darasani kama wengine, na hakuna aibu.

Ushahidi hukataliwa kwa sababu zilezile kila mara. Picha hamsini za nyumba zilizokamilika hazionyeshi nani alifanya kazi. Picha moja yenye mikono yako kwenye kisanduku cha fyuzi, mchoro wa saketi uliouchora mwenyewe, orodha ya vifaa na barua ya mwenye nyumba yenye tarehe na namba ya simu vina uzito kuliko albamu nzima. Barua inayosema tu "ni fundi mzuri" haisaidii; iseme ulifanya kazi gani, wapi, lini. Ushahidi wa zamani nao una matatizo, hasa kama kanuni za ufungaji zimebadilika tangu wakati huo.

Huenda hata hivyo jamaa yako hakukwama kwenye faili. Mafundi wa mtaani huanguka zaidi kwenye upimaji. Anajua kufunga, anawasha taa, inawaka, kazi imekwisha. Mtathmini anataka vipimo, tena kwa mpangilio. Kwanza mwendelezo wa waya wa ardhi, umeme ukiwa umekatwa. Kisha ukinzani wa vihami, yaani jinsi ganda la waya linavyozuia umeme kuvuja, kwa kile kifaa mafundi wanachokiita mega: kwa saketi ya kawaida ya nyumbani ya volti 230, kiwango cha kimataifa kinataka upime kwa volti 500 za mkondo mnyoofu na upate angalau megaohm 1. Taa na vyombo vya elektroniki viwe vimeondolewa kwanza, kwa maana vikibaki vitashusha kipimo na kukudanganya kuwa waya ni mbovu, au volti zile zitaviunguza. Ndipo unahakikisha laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) hazijabadilishana, na mwisho, umeme ukiwa umerudishwa, unajaribu kikata umeme cha mvujo. Cha kawaida cha miliampea 30 kinatakiwa kikate ndani ya milisekunde 300 mvujo ukifikia kiwango chake.

Kubonyeza kitufe cha majaribio kwenye kikata umeme hakutoshi. Kitufe kinaonyesha kwamba mtambo wa ndani unafyatuka, ila hakikwambii umechukua muda gani wala kama waya wa ardhi ni mzima.

Kama hujawahi kushika mega, azima, jifunze, andika matokeo ya nyumba kadhaa kwenye fomu ya vipimo. Karatasi hizo zitakuwa ushahidi bora kuliko picha zote. Halafu rudia hesabu: mkondo, unene wa waya na kushuka kwa volti kwenye njia ndefu. Mahojiano hupenda kuingilia huko, kwa kuuliza kwa nini ulitumia waya wa milimita 2.5 za mraba na si 1.5. Jibu la "ndivyo tunavyofunga siku zote" limewarudisha darasani mafundi wengi.

Jambo la mwisho: uliza mapema ni moduli ngapi zinaweza kusamehewa. Vyuo vingi huweka kikomo, na hutaka sehemu fulani ya kozi isomwe kwao kabla ya kukupa cheti chenye jina lao.

Cheti cha jioni kina thamani sawa na cha mchana?
*Mzazi wa kijana*

Ikiwa mtaala, mitihani na chombo kinachotoa cheti ni vilevile, ndiyo, na mara nyingi cheti hakitaji kabisa ulisoma saa ngapi. Omba kuona nakala ya cheti cha mhitimu wa jioni. Cha kuangalia zaidi ni ithibati, yaani idhini rasmi ya kufundisha kozi: chuo kinaweza kuwa na ithibati ya kozi kwa kufundisha darasani kwenye kampasi kuu, huku kozi hiyo hiyo kwa masafa au kwenye tawi jipya ikiwa haijapitishwa. Barua ya ithibati hutaja kozi, ngazi, mahali na tarehe ya kuisha. Wanaodharau masomo ya nje ya darasa, waambie Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watahiniwa wasiosoma vyuoni mwake mwaka 1858.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu zinageuka kila wiki: asubuhi, jioni, usiku. Ratiba ya jioni hainifai, ya mchana hainifai. Je, nisubiri hadi nipate kazi yenye saa za kueleweka?
*Muuguzi*

Dada, usisubiri. Ila usichague kozi yenye saa moja isiyosogea, hata kama saa hiyo leo unaiweza.

Tafuta chuo kinachofundisha somo moja mara mbili kwa wiki, mchana na jioni, kwa mkufunzi mmoja au kwa mpango mmoja wa masomo. Kisha uliza swali hili kwa maandishi: je, mwanafunzi wa kikundi cha mchana anaruhusiwa kuhudhuria cha jioni wiki ambayo zamu imemgeukia, na mahudhurio yake yatasajiliwa? Mkufunzi akikubali kwa mdomo haitoshi, kwa sababu daftari la mahudhurio halisikilizi. Pata jibu la msajili au mkuu wa idara.

Njia nyingine ni kozi ambayo vipindi hurekodiwa. Hii ina mtego wake. Rekodi huahirishika, na ukiahirisha wiki mbili una saa kumi na mbili za video ambazo hutazitazama. Jiwekee sharti: kila rekodi itazamwe kabla kipindi kinachofuata hakijafundishwa, ukiwa na daftari, ukisimamisha kila baada ya dakika kumi au kumi na tano kuandika ulichoelewa bila kuangalia. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakaonyesha kwamba mtu husahau kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kukariri kwa mkupuo. Kwa mtu wa zamu hiyo ni habari njema: dakika ishirini siku nne zina faida kuliko saa moja na ushei siku moja.

Baada ya zamu ya usiku, lala kwanza. Saa hiyo unaona una utulivu, nyumba iko kimya, lakini utakachosoma hakitakaa. Weka masomo mazito kwenye wiki ya zamu ya jioni, asubuhi ukishaamka, na wiki ya usiku ibaki ya kazi nyepesi kama kusahihisha marejeo au kupanga maswali ya kumuuliza mkufunzi. Na orodha ya zamu ikitoka, siku hiyo hiyo ilinganishe na tarehe za mitihani. Kubadilishana zamu na mwenzako wiki sita kabla ni ombi la kawaida. Siku tatu kabla ni ugomvi.

Uchomeleaji vyuma unaweza kusomwa kwa masafa? Chuo kilicho na kozi hiyo kiko mbali, siwezi kuhamia huko.
*Mpenda vyuma*

Nusu yake, ndiyo. Nusu nyingine haitoki kwenye skrini hata iwe na ukubwa gani. Unachokitafuta ni mpango wa vipindi vya mkupuo: nadharia unasomea ulipo, halafu unakwenda karakanani wiki mbili au tatu mfululizo, mara kadhaa kwa mwaka.

Nyumbani unaweza kumaliza alama za michoro ya kuchomelea, usalama, tabia za metali na kusoma namba za elektrodi, ile fimbo inayoyeyuka kuwa mshono. Chukua E6013. Namba 60 maana yake nguvu ya mshono kustahimili kuvutwa ni angalau paundi 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 ni kwamba unachomelea kwa mikao yote, hata juu ya kichwa. Tarakimu ya mwisho ikisomwa pamoja na ya kabla yake inaeleza aina ya gamba na umeme unaofaa. E7018 ina nguvu zaidi, na gamba lake limetengenezwa lisilete haidrojeni nyingi kwenye mshono. Ndiyo sababu inatakiwa kukaa pakavu: ikinyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye chuma na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi, wakati kila mtu ameshaisifu. Hayo yote ni ya kusoma, na anayefika karakanani bila kuyajua hupoteza siku mbili za mwanzo akifundishwa kilichokuwa kwenye moduli.

Kinachobaki ni mkono. Umbali kati ya ncha ya elektrodi na chuma uwe karibu sawa na unene wa kiini cha elektrodi yenyewe. Ukizidi, cheche zinaruka ovyo na mshono unajaa vitundu. Mwendo ukiwa wa haraka mshono unakuwa mwembamba kama uzi, ukiwa wa polepole chuma chembamba kinatoboka. Mwendo huu unajulikana kwa sikio, kwa mlio mmoja usiokatika, na mkufunzi akisimama nyuma yako atakurekebisha kwa kukugusa kiwiko. Video haina kiwiko.

Kabla ya kulipa, uliza mashine ni ngapi na wanafunzi ni wangapi kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi 24 kwa mashine 6 maana yake robo tu ya siku yako ndiyo ya kuchomelea; siku 15 za karakana zinakuwa chini ya nne za mkono wako. Uliza pia malazi, maana ada ya kozi za mkupuo mara nyingi haiyahesabu, na gharama hiyo hurudi kila mkupuo. Ukimaliza mkupuo, andika kabla hujaondoka mpangilio uliokufaa: aina ya elektrodi, ampea, unene wa chuma, mkao. Miezi mitatu baadaye mkono utakuwa umesahau, na karatasi hiyo itakurudisha mapema. Afadhali zaidi ukipata karakana ya jirani itakayokupa mashine saa chache kwa wiki.

Nasoma mtandaoni kwa simu. Bando linaisha kabla ya wiki, na kazi yangu moja ilipewa sifuri kwa kuchelewa ingawa niliituma usiku uleule wa mwisho.
*Mwanafunzi wa simu*

Bando kwanza. Kipindi cha video kinachotumia megabiti 1 kwa sekunde kinakula megabaiti 450 kwa saa. Saa kumi kwa wiki ni gigabaiti 4.5. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29 kwa saa. Kwa hiyo zima kamera yako, kisha tafuta kwenye mpangilio wa programu mahali pa kuzuia video zinazoingia, kwa sababu nyuso za wenzako nazo zinalipiwa na bando lako. Mwombe mkufunzi atume slaidi kabla ya kipindi, ufuatilie kwa sauti ukiwa nazo mbele yako. Rekodi zipakue mara moja mahali penye mtandao wa bure, maana kila unaporudia kutazama moja kwa moja mtandaoni unailipia upya.

Kazi iliyochelewa inatuonyesha mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni saa. Mfumo ukiandika tarehe 12 saa 00:00, ni usiku wa kuamkia tarehe 12, si usiku unaofuata. Na saa inayohesabika ni ya mfumo wa chuo, si ya simu yako. La pili ni kitufe: mifumo mingi ina hatua mbili, kupakia faili na kuwasilisha, na ukiishia ya kwanza kazi inabaki rasimu. Hukutuma, ingawa uliiona imeingia.

Ukipiga picha kurasa za daftari, zigeuze ziwe faili moja la PDF kwa programu ya kuskani, badala ya picha nane za megabaiti nne kila moja. Wasilisha siku moja kabla. Subiri ujumbe wa uthibitisho, uupige picha ya skrini yenye tarehe, kisha pakua faili uliyotuma uifungue, maana faili tupu au la kazi nyingine ni kosa la kila muhula. Kwa ile sifuri, mwandikie mkufunzi leo, uambatishe chochote chenye saa, na uulize utaratibu wa rufaa. Vyuo vingi huweka siku chache tu za kulalamika baada ya alama kutangazwa.

Nimefika nusu ya kozi, mama anaumwa na ni mimi wa kumwuguza. Nikiacha kwenda tu, nitaweza kurudi mwakani?
*Binti*

Pole sana, na mama apone. Lakini usiache kwenda tu. Kutoweka kunaandikwa kama kuacha masomo, au kama kufeli kila somo la muhula huo, na ada inaweza kuendelea kudaiwa. Kinachokufaa kinaitwa kuahirisha masomo, na kinaombwa kwa barua kwa msajili kabla ya tarehe iliyowekwa kwenye kalenda ya chuo. Ambatisha barua ya hospitali. Kama tarehe imeshapita, omba hata hivyo, ukieleza lini ugonjwa ulianza.

Kabla ya kusaini, pata majibu ya haya kwa maandishi. Alama za tathmini endelevu za muhula huu zitahifadhiwa au utaanza upya? Moduli ulizofaulu zitadumu miaka mingapi? Mtaala ukibadilika ukiwa nje, utarudi kwenye wa zamani au utaongezewa masomo? Ada uliyolipa itahamishwa? Kama una mkopo au mfadhili, wasiliana nao kabla ya chuo, kwa sababu baadhi yao husimamisha malipo au kudai marejesho mara hadhi yako inapobadilika. Anayesoma nchi ya kigeni kwa kibali cha mwanafunzi aulize pia uhamiaji.

Kuna njia ya katikati ambayo vyuo havitangazi sana: kupunguza mzigo. Badala ya moduli tano unabaki na moja au mbili, usajili wako unaendelea, na si lazima urudi kutoka sifuri. Kama unaweza kupata saa sita au saba kwa wiki kando ya kitanda cha mama, ulizia hilo kwanza. Ukiamua kuahirisha, usiondoke ofisini kwa msajili bila barua yenye mhuri inayotaja muhula wa kurudi na tarehe ya mwisho ya kujisajili upya.